Nafasi ya Mfalme Mdogo katika Visakale: Buha ya Kasulu na Kibondo Ikilinganishwa na Saga za Norwe

1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa visakale, yaani masimulizi ya kale yenye kiini cha kihistoria, kwa muda mrefu umeelekea kumtazama mtawala mkuu. Huyo ndiye aliyeanzisha ukoo wa kifalme, akaunganisha nchi, akaweka miiko na kuacha jina. Watawala wengine wanaotajwa katika simulizi huchukuliwa kuwa ngazi tu alizokanyaga akipanda. Wakishashindwa, mhakiki huwasahau, kama vile nao walikuwa wamekwisha kusahauliwa na fanani.

Makala haya yanamchunguza mhusika huyo anayesahauliwa. Kwa istilahi ya "mfalme mdogo" inakusudiwa hapa mtawala mwenye kiti, watu na ardhi, ambaye katika simulizi anasimama mbele ya mamlaka iliyo kubwa kuliko yake. Udogo wake basi si wa kimo wala wa ukoo, bali ni wa uhusiano. Hoja inayotetewa ni kwamba mfalme mdogo si pambo la kisakale. Ana kazi tatu: yeye ni kipimo cha mfalme mkubwa, ni msemaji wa hoja ya upande wa pili, na ni kumbukumbu ya gharama iliyolipwa ili umoja upatikane.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa jambo hili. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utendi mwaka 1913, mwenye enzi ni sultani wa Pate, lakini anayependwa na hadhira ni shujaa aliyenyimwa enzi. Uzito wa simulizi umehama kutoka kwenye kiti na kumwelekea yule aliyezuiwa asikikalie. Mifano itakayochunguzwa hapa inatoka mahali pawili palipo mbali na pwani: nyanda za juu za Kigoma, katika Kasulu na Kibondo, na nyanda za juu za Norwe zilizoitwa Upplönd katika saga, yaani masimulizi ya kinathari yaliyoandikwa Aislandi katika Zama za Kati.

2.0 Buha: Watu Wamoja, Falme Sita

Waha ni watu wenye lugha moja, Kiha, iliyo karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Hata hivyo, hadi mwisho wa karne ya 19 hawakuwa na mfalme mmoja. Mwanahistoria Jean-Pierre Chrétien, katika uchunguzi wake wa mwaka 1975, aliiona Buha ya wakati huo kuwa nchi ya watu wamoja na falme sita. Falme hizo zilikuwa Heru, Bushingo, Luguru, Bujiji, Muhambwe na Buyungu. Heru, ambayo makao yake yanakumbukwa kwa jina la Heru Juu, iko Kasulu. Muhambwe na Buyungu zilikuwa katika eneo lililokuja kuwa wilaya ya Kibondo, na Bujiji iliteremkia upande wa Ziwa Tanganyika.

Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, aliyetoka katika koo za Kitusi. Chini ya mwami walikuwapo watware, yaani watawala wa sehemu, ambao walikusanya kodi, waliamua kesi na kuongoza watu vitani. Kando yao walikuwapo wateko, wenye mamlaka ya matambiko juu ya ardhi. Cheo cha mteko hakikutoka kwa mwami. Kilitokana na wale walioitangulia himaya ya abami katika nchi hiyo. Mwami alitawala watu na ng'ombe, lakini ardhi ilikuwa na mwenyewe mwingine mbele ya mizimu.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa mchunguzi wa fasihi. Mwami wa Muhambwe alikuwa mfalme mkubwa mbele ya mtware wake, lakini alikuwa mfalme mdogo mbele ya jirani mwenye nguvu zaidi, na mbele ya mteko alikuwa mgeni aliyekaribishwa. Mtu yule yule huwa mkubwa au mdogo kutegemea kilima ambacho fanani amesimama juu yake. Kwa hiyo, katika Buha, swali la kwanza la kumuuliza fanani si "mfalme alikuwa nani?" bali ni "unasimulia ukiwa upande wa nani?"

3.0 Mfalme Mdogo katika Saga za Norwe

Ili kuonyesha jinsi mhusika huyu anavyofanya kazi katika matini iliyokamilika, inafaa kutazama Heimskringla, mkusanyo wa saga za wafalme wa Norwe unaohusishwa na Snorri Sturluson (1179–1241) wa Aislandi, ulioandikwa yapata mwaka 1230.

3.1 Kipimo cha mfalme mkubwa

Saga ya Harald Hárfagri inaeleza jinsi Norwe ilivyounganishwa katika karne ya 9. Chanzo cha kazi hiyo ni posa. Harald alimposa Gyða, binti wa mfalme mdogo wa Hordaland, na binti huyo akakataa kuolewa na mtu anayetawala wilaya chache tu. Harald hakukasirika, bali aliapa kutokata wala kuchana nywele zake mpaka nchi yote iwe chini yake. Akaitwa Lúfa, yaani mwenye nywele timutimu, hadi alipomaliza kazi na kunyolewa. Kipimo cha ukubwa kimewekwa hapa na nyumba ya mfalme mdogo. Harald asingejijua kuwa mdogo kama asingeambiwa hivyo na binti wa mtu mdogo kama yeye.

Katika saga hiyo hiyo wanatajwa ndugu wawili, Herlaug na Hrollaug, waliokuwa wafalme wa Naumdal. Walikuwa wamejenga kwa majira matatu ya kiangazi kilima cha kuzikia. Waliposikia kwamba Harald anakuja na jeshi, Herlaug aliingia ndani ya kilima akiwa na watu kumi na mmoja, kikafungwa juu yao. Hrollaug akapanda juu ya kilima, akaweka kiti cha mfalme na chini yake kiti cha jarl, cheo cha chini ya mfalme. Akakaa katika kiti cha juu, kisha akajibingirisha hadi kile cha chini na kujitangaza kuwa jarl. Alipokwenda kwa Harald, alithibitishwa katika cheo hicho.

Tukio hili limesimuliwa bila maoni. Msimulizi hasemi ni yupi kati ya ndugu hao aliyetenda vema. Mmoja amekufa akiwa mfalme, mwingine ameishi akiwa mtumishi. Umoja wa Norwe umesimama juu ya kilima kile, na msimulizi ameona ni lazima hadhira ijue kilichomo ndani yake.

3.2 Msemaji wa hoja ya pili

Mfano wa pili ni wa Hrœrekr, mmoja wa wafalme wadogo wa Upplönd, mwanzoni mwa karne ya 11. Olaf Haraldsson aliporudi nchini kudai ufalme wa Norwe yote, wafalme wa nyanda za juu walikutana kushauriana. Hrœrekr alisimama na kueleza kwa nini hapendi. Hoja yake, kwa muhtasari, ni kwamba walipokuwa chini ya mfalme wa Denmaki aliye mbali, waliachwa wajitawale; lakini mfalme wa nyumbani, aliye karibu, hukaza kamba hata katika mambo ya imani. Ring, ndugu yake, alimjibu kwamba ni heri kutawaliwa na jamaa kuliko kutawaliwa na mgeni. Shauri la Ring likakubaliwa.

Methali ya Kiswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa kawaida hutumiwa kuhalalisha ushindi wa mmoja. Katika saga hii fahali wa pili amepewa kwanza nafasi ya kusema. Hotuba yake ni ya busara kuliko ya kiburi, na matukio yanayofuata yanaithibitisha: kodi na madai ya Olaf yanaongezeka, wafalme wadogo wanakula njama, na Olaf anawakamata watano kwa pamoja.

3.3 Kumbukumbu ya gharama

Hrœrekr alipofuliwa macho yote mawili. Olaf akamweka karibu naye kwa kumwogopa. Baada ya majaribio kadhaa ya kulipiza kisasi, likiwamo la kumchoma Olaf kisu kanisani, alipelekwa ng'ambo na hatimaye akafikishwa Aislandi. Huko alihamishwa kutoka nyumba ya mkubwa mmoja hadi nyingine, akaishia katika shamba dogo la Kálfskinn. Saga inasimulia kwamba yeye mwenyewe alisema kuwa hapo ndipo alipopata raha zaidi tangu aondolewe katika ufalme wake, kwa sababu watu wote wa nyumba ile walimheshimu kuliko mtu yeyote. Alifia hapo, na inasemwa kwamba ndiye mfalme pekee aliyezikwa Aislandi.

Swali la kujiuliza ni kwa nini Snorri aliona haja ya kumfuata kipofu huyu hadi kaburini, ilhali saga ni ya Olaf aliyekuja kuitwa mtakatifu. Jibu lipo katika mahali ilipoandikiwa. Aislandi haikuwa na mfalme wake, na ilikubali enzi ya mfalme wa Norwe katika miaka ya 1262–1264 tu. Watu wa nchi hiyo walikuwa wakilijadili swali lile lile la Hrœrekr, kuhusu faida na hasara za mfalme aliye mbali na aliye karibu. Snorri mwenyewe aliuawa mwaka 1241 na watu waliokuwa wakitekeleza matakwa ya Mfalme Hákon wa Norwe. Aliyeyahifadhi maneno ya mfalme mdogo aliyajua kwa mwili wake.

4.0 Buha katika Kisakale cha Ntare Rushatsi

Kazi hizo tatu za mfalme mdogo zinaonekana pia katika masimulizi ya eneo la Maziwa Makuu, lakini kwa namna nyingine. Kisakale kikubwa kinachoihusu Buha ni kile cha Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme wa Burundi, anayekadiriwa na wanahistoria wengi kuwa wa mwishoni mwa karne ya 17. Jina Rushatsi linatokana na neno la Kirundi la nywele. Kama Harald wa Norwe, naye ni mwenye nywele nyingi, ambaye alama yake ya enzi imo kichwani kabla ya taji lolote. Hapana haja ya kudhani kwamba masimulizi haya mawili yana chanzo kimoja. Inatosha kusema kwamba katika jamii nyingi nywele zisizokatwa ni ishara ya mtu ambaye bado hajaingizwa katika utaratibu, na mwanzilishi wa utaratibu mpya hutoka nje ya ule wa zamani.

Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu masimulizi ya Burundi, alionyesha kwamba kisakale hiki kina mikondo miwili. Mkondo wa Kanyaru, unaoitwa kwa jina la mto ulio mpakani mwa kaskazini, unamhusisha Ntare na Rwanda. Mkondo wa Nkoma, unaoitwa kwa jina la mlima ulio kusini-mashariki mwa Burundi, unamleta kutoka Buha.

Katika mkondo wa Nkoma, nchi ya falme ndogo ndiyo iliyomzaa mfalme mkubwa. Katika mkondo wa Kanyaru nchi hiyo imetoweka, na chimbuko limehamishiwa kwenye ufalme mwingine mkubwa. Mwaka 1981 Chrétien alichunguza mabadiliko ya kisakale hiki na kuonyesha jinsi maandishi ya wakati wa ukoloni yalivyoyapendelea maelezo ya asili ya kaskazini, kadiri nadharia ya Wahamiti ilivyozidi kukubalika. Nadharia hiyo ilidai kwamba watawala wa eneo hili walikuwa watu wa jamii nyingine, waliokuja kutoka mbali na kuleta ustaarabu. Mfalme aliyetoka Buha, kwa jirani mwenye lugha karibu ile ile, hakufaa kwa nadharia kama hiyo.

Jambo hili si ubishi wa wataalamu pekee. Dhana kwamba sehemu moja ya wananchi ni wageni na nyingine ni wenyeji ilikuja kutumiwa katika siasa za Rwanda na Burundi kwa matokeo yanayojulikana. Watu wa Kasulu na Kibondo wameyaona matokeo hayo kwa macho yao, kwa kuwa Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015 waliingia Tanzania kupitia nyanda hizo hizo. Kisakale kinachosema kwamba mwami wa kwanza alitoka kwa jirani kina maana nyingine kabisa mbele ya hadhira ya namna hiyo. Mkondo uliosukumwa pembeni ulikuwa ndio uliobeba ujirani.

5.0 Mionvu na Doti Sabini na Tano

Mfalme mdogo wa Buha aliingia pia katika maandishi ya wasafiri. Novemba 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, alipita Buha ya kusini. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872, anasimulia jinsi alivyosimamishwa na Mionvu, mtware wa Kimenyi, aliyekuja amevaa joho jekundu na kujifunga merikani kichwani, amezungukwa na watu wenye pinde na mikuki. Mionvu alidai hongo ya doti 100 za nguo. Stanley alifikiria kupigana, lakini wasaidizi wake walimshauri alipe. Mwishowe zilitolewa doti 75. Mbele yake alidaiwa tena, na alipoambiwa kwamba wako watawala wengine watano njiani, aliamua kutoroka usiku kupitia mbugani.

Katika matini ya Stanley, Mionvu ni mnyang'anyi wa kuchekesha. Hata hivyo, matini hiyo hiyo, ikisomwa kwa makini, inahifadhi hoja ya upande wa pili. Mionvu anajitambulisha kwa cheo chake na kwa nafasi yake chini ya mfalme. Anaijua njia, anajua thamani ya mzigo, na anajua kwamba msafara unakula chakula na kunywa maji ya nchi. Yeye ni afisa wa ushuru mpakani. Ikumbukwe kwamba katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19 neno hongo lilikuwa na maana ya ushuru anaotozwa mpita njia na mwenye nchi. Leo neno hilo lina maana ya rushwa. Mabadiliko hayo ya maana yana historia ndani yake: lugha yenyewe imechukua upande wa msafiri na kuacha ule wa mwenye njia. Tofauti ya Mionvu na Hrœrekr haimo katika hadhi yao, bali katika msimulizi. Mmoja aliandikwa na mtu wa nchi isiyokuwa na mfalme, aliyeielewa hofu yake. Mwingine aliandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika Ujiji.

6.0 Kiti cha Juu na Kiti cha Chini

Ukoloni uliwaweka abami wa Buha katika hali ya Hrollaug. Wajerumani, kisha Wabelgiji walioishika Kigoma kuanzia mwaka 1916 hadi mwaka 1921, na hatimaye Waingereza, hawakuviondoa viti vyao; waliweka kiti kingine juu yake. Chini ya utaratibu wa Waingereza uliotungiwa sheria mwaka 1926, mwami alitambuliwa kuwa mamlaka ya wenyeji, mwenye baraza, mahakama na mshahara. Alibaki na jina, lakini kodi aliyokusanya ilikuwa na mwenyewe mwingine. Wateko hawakuwa na nafasi katika utaratibu huo, kwa kuwa mamlaka ya matambiko hayakuwa na safu katika daftari la serikali.

Hata hivyo, historia haikwenda upande mmoja tu. Miongo ya mwisho ya ukoloni ilimwona Mwami Theresa Ntare akikikalia kiti cha Heru, mwanamke katika cheo ambacho wageni walizoea kukihesabu kuwa cha wanaume. Baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na kilima kikafungwa.

Majina, hata hivyo, hayakuzikwa. Muhambwe ni jina la jimbo la uchaguzi katika Wilaya ya Kibondo, na Buyungu ni jina la jimbo katika Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Mpiga kura wa huko hutamka jina la ufalme mdogo kila anapomtaja mbunge wake. Jina limedumu kuliko cheo, na pengine kuliko kisa chake.

7.0 Hitimisho

Ulinganisho uliofanywa unaonyesha kwamba mfalme mdogo ni mahali ambapo kisakale hutunza kile ambacho ushindi ungependa kisahaulike. Saga za Norwe zilimpa hotuba, kilima na kaburi. Mkondo wa Nkoma uliipa nchi ya falme ndogo heshima ya kuwa chimbuko, na mkondo wa pili ukaiondoa. Kitabu cha Stanley kilimgeuza mwenye njia kuwa kichekesho, lakini hakikuweza kufuta kabisa sauti yake.

Kwa mkusanyaji wa fasihi simulizi ya Buha, yafuatayo yanafuata kutokana na uchunguzi huu. Kwanza, masimulizi ya makao ya mwami yasikusanywe peke yake. Kila moja lipewe mwenzake kutoka kwa mtware na kwa ukoo wa mteko wa kilima hicho. Pili, tofauti baina ya masimulizi zisisawazishwe ili kupata kisa kimoja safi, kwa kuwa tofauti hizo ndizo zenye hoja ya upande wa pili. Tatu, maneno ya vyeo na ushuru yaandikwe kwa maana yake ya wakati ule, kabla maana ya leo haijayameza. Nne, masimulizi ya pande zote mbili za mpaka yasomwe pamoja, kwani Nkoma na Heru zilikuwa jirani kabla mpaka haujachorwa.

Hrœrekr aliheshimiwa katika nyumba ndogo ya shamba, mbali na ufalme wake, na kwa sababu ya nyumba hiyo jina lake linasomwa hadi leo. Visakale vya Kasulu na Kibondo navyo vinahitaji nyumba kama hiyo. Wazee wanaoweza kueleza mteko alisema nini mbele ya mwami wanazidi kupungua, na kila anayeondoka kabla ya kusikilizwa anaondoka na nusu ya mazungumzo.